Kudurusu na Kujitahini: Mazoea ya Kusoma kwa Ajili ya Mtihani wa Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kulijadili suala ambalo wengi wetu tunaosomea ualimu wa Kiswahili hulichukulia kuwa jepesi, nalo ni namna mwanafunzi anavyojiandaa kwa mtihani. Katika kozi za mbinu za kufundishia tunajifunza kuandaa azimio la kazi, kuandika andalio la somo na kutunga maswali yanayolingana na silabasi. Hata hivyo, ni nadra kuulizwa mwanafunzi hufanya nini hasa anaporudi darasani baada ya chajio, akafungua daftari lake na kukaa nalo kwa saa mbili. Huwa tunamwona ameinama, tukaridhika.

Mimi nililazimika kujiuliza swali hilo nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, wakati ambapo riwaya iliyokuwa ikitahiniwa ilikuwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Katika kidato cha nne palikuwa na msichana mmoja ambaye nakala yake ilikuwa imepigwa mistari ya kalamu ya manjano ukurasa baada ya ukurasa, hata zile sehemu chache zilizosalia nyeupe ndizo zilizovuta jicho. Alikuwa ameisoma riwaya hiyo mara 4. Katika mtihani wa majaribio, Karatasi ya Tatu, alipata alama 27 kwa 80. Nilimwita, nikamwomba akifunge kitabu anisimulie jinsi Amani na Imani wanavyokutana. Alinyamaza kitambo, akautazama ukuta, kisha akasema, "Mwalimu, naijua, ila haitoki."

Ushauri niliompa siku hiyo ulikuwa ule ambao nami nilipewa nikiwa mwanafunzi: aisome mara ya 5, kwa makini zaidi. Naukumbuka kwa haya. Msichana yule hakuwa mvivu. Alikuwa akiamka saa tisa za usiku. Tatizo lake halikuwa uchache wa saa bali kazi aliyokuwa akiifanya katika saa hizo, na mwalimu wake mwanagenzi alikuwa akimwelekeza aizidishe.

Kukariri, kudurusu, kuhifadhi

Tuanze na msamiati, maana sisi ni watu wa lugha. Vitenzi vitatu vinavyotumika zaidi katika muktadha huu vyote vina asili ya Kiarabu. Kukariri kimsingi ni kurudia jambo, ingawa katika matumizi ya shuleni nchini Kenya kimepata maana ya kushika maneno kichwani bila ya kuyaelewa, na hivyo kimekuwa neno la lawama. Kudurusu kina uhusiano na darasa na mudarisi, na wanafunzi hukitumia kwa maana ya kupitia tena kilichofundishwa. Kuhifadhi ni kuweka kitu pahali salama ili kipatikane kitakapohitajika.

Hicho cha tatu ndicho kinachotufaa zaidi, kwa sababu kinaashiria pande mbili za kazi moja. Anayehifadhi nafaka ghalani hana budi kujua mlango uko wapi na ufunguo ni upi. Mwanafunzi aliyesema "naijua, ila haitoki" alikuwa akieleza, kwa ufasaha kuliko vitabu vingi vya saikolojia, hali ya mtu aliyejaza ghala bila ya kujizoesha kulifungua. Mtihani haupimi kilichoingia, hupima kinachotoka.

Kima cha kusahau

Mtafiti wa kwanza kuupima usahaulifu kwa utaratibu wa kisayansi alikuwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885. Alijifanya mwenyewe kuwa mtahini na mtahiniwa. Alitunga orodha za silabi zisizo na maana, akazisoma hadi akaweza kuzitamka bila kosa, kisha baada ya muda fulani akapima ni kiasi gani cha kazi alichookoa alipojifunza orodha zile zile upya. Baada ya dakika 20 alikuwa akiokoa takriban asilimia 58. Baada ya saa moja, asilimia 44. Baada ya siku moja, asilimia 34. Na baada ya siku 31, asilimia 21.

Tukizitazama tarakimu hizi kwa makini tutaona kwamba kusahau hakwendi kwa mwendo mmoja. Sehemu kubwa ya hasara hutokea siku ile ile, kisha kasi hupungua. Ni kweli kwamba silabi tupu si riwaya, na kwamba jambo lenye maana hushikika vizuri zaidi. Lakini orodha ya sifa za sajili ya mahakamani, kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuingia mahakamani, haiko mbali sana na silabi za Ebbinghaus. Mwalimu anayefundisha mada Jumatatu ya kwanza ya muhula na kuirejelea wiki moja kabla ya mtihani anafundisha mada hiyo mara mbili, na wala hajui.

Kusoma tena au kujiuliza?

Jaribio linalotuhusu zaidi lilichapishwa mwaka 2006 na Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani. Waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya nathari, kimoja kikihusu jua na kingine fisi maji wa baharini. Katika sehemu ya pili ya utafiti huo, kundi moja lilisoma kifungu katika vipindi 4 vya dakika 5 kila kimoja. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja tu, na katika vipindi 3 vilivyosalia likapewa karatasi tupu na kutakiwa kuandika kila lilichokikumbuka, bila ya kuonyeshwa kifungu tena. Kundi la kwanza lilikipitia kifungu mara 14 kwa wastani. La pili lilikipitia mara 3 na ushei.

Walipotahiniwa dakika 5 baadaye, kundi la wasomaji lilikuwa mbele kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: wasomaji walikumbuka asilimia 40, ilhali waliojitahini walikumbuka asilimia 61. Tena, walipoulizwa mapema ni kiasi gani wangekumbuka, waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi.

Hapo ndipo pana mtego. Anayesoma ukurasa kwa mara ya nne huupitia kwa wepesi. Kila sentensi anaitambua kama anavyomtambua jirani. Wepesi huo huuchukulia kuwa maarifa. Kumbe kumtambua jirani ukimwona si sawa na kulitaja jina lake akiwa hayupo. Kalamu ya manjano huzidisha udanganyifu huu, kwani humpa mwanafunzi hisia ya kufanya kazi huku mkono ndio unaofanya kazi peke yake. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizipima mbinu 10 za kujisomea kwa kuupitia utafiti uliokuwapo. Kupiga mistari na kusoma upya waliziweka katika daraja ya chini ya manufaa. Mbinu mbili pekee ziliwekwa katika daraja ya juu: kujitahini, na kuyatawanya mazoezi katika siku mbalimbali.

Kitendawili kama mtihani

Baadhi ya wenzangu hudai kwamba haya ni mambo ya Kizungu yanayotaka kuletwa darasani kwetu. Sikubaliani nao. Ukumbi wa fasihi simulizi umekuwa ukitumia mbinu hii tangu zamani, nasi tunaifundisha kila mwaka bila ya kuitambua.

Chukua utendaji wa kitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!", kisha fumbo hutolewa. Jibu halitolewi papo hapo. Hadhira huachwa itafute, ijaribu, ikosee. Ikishindwa kabisa, mtegaji hudai apewe mji, na hata akishapewa mji husafiri kwanza, akajisifu alivyopokelewa huko, ndipo afumbue. Ucheleweshaji huo si mapambo. Mtoto aliyejaribu majibu matatu yakakataliwa hulipokea jibu sahihi kwa hamu, na mara nyingi halimtoki tena. Na jioni ya pili, yeye ndiye atakayekitega kwa wengine. Tazama basi vipengele vilivyomo: swali kabla ya jibu, juhudi ya kukumbuka, gharama ndogo ya kukosea, masahihisho, na marudio baada ya siku. Ni vigumu kutunga mpango bora zaidi wa kudurusu.

Vivyo hivyo katika vyuo vya Kurani vya pwani. Mwanafunzi hasemi amejua kwa sababu ameutazama ubao wake mara nyingi. Huja mbele ya mwalimu akasoma kwa moyo, na asipoweza harukii darasa jipya. Zaidi ya hayo, aliyehifadhi hurejelea sehemu za nyuma mara kwa mara ili zisimponyoke. Sikusudii kusema kwamba mbinu za chuo zinafaa kila somo, hasa pale ambapo kuelewa hakujatangulia. Nasema tu kwamba wale walimu walijua tofauti ya kutazama na kutoa.

Aliyenifungua macho kuhusu jambo hili alikuwa mhadhiri aliyekuja kunikagua. Alikaa nyuma ya darasa dakika 40, nami nikafundisha maudhui ya riwaya kwa bidii zote, nikijaza ubao. Tulipotoka nje hakuuliza lolote kuhusu andalio langu. Aliuliza, "Leo wanafunzi wako wametegewa nini?" Sikuwa na jibu.

Karatasi tatu, kazi tatu

Mtihani wa Kiswahili wa KCSE una karatasi 3 zenye jumla ya alama 200: Insha (40), Lugha (80) na Fasihi (80). Wanafunzi wengi huzisoma zote kwa namna moja, yaani kwa kupitia daftari. Hilo ni kosa, kwa sababu kila karatasi inadai kazi tofauti.

Tuanze na Fasihi. Swali la dondoo ndilo zoezi rahisi zaidi la kujitahini kwa sababu umbo lake linajulikana: eleza muktadha wa dondoo, alama 4. Mtahini anataka kujua msemaji, msemewa, mahali na sababu. Wanafunzi wawili wanaweza kukaa na nakala moja ya Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Mmoja anafungua ukurasa wowote, anasoma maneno ya mhusika bila ya kumtaja, na mwenzake anajibu mambo hayo manne kabla ya kuonyeshwa kitabu. Dakika 15 zinatosha kwa madondoo 6 au 7. Kwa riwaya kama Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, mwanafunzi akishamaliza sura moja aifunge, achukue karatasi tupu na kuandika matukio ya sura hiyo kwa mfuatano, kisha afungue na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Wino huo wa pili ndio ramani ya anachopaswa kukisoma kesho. Sehemu alizozikumbuka hazihitaji kurejelewa usiku huo.

Hapa sina budi kuitaja miongozo. Sipingi mwongozo uliotungwa na mtaalamu. Ninachokipinga ni kuugeuza mwongozo kuwa riwaya. Mwanafunzi anayesoma kwamba mhusika fulani ni mwenye tamaa, akaishika sifa hiyo bila ya tukio linaloithibitisha, hupoteza alama pale pale anapodhani amezipata, kwani sifa bila ya mfano haina uzito kwa mtahini. Utaratibu ufaao ni kinyume: mwanafunzi aandike sifa na ithibati zake mwenyewe kwanza, kisha ndipo aulinganishe mwongozo na kazi yake.

Karatasi ya Pili ndiyo yenye utajiri mkubwa zaidi kwa mjadala huu. Ina ufahamu (15), ufupisho (15), matumizi ya lugha (40) na isimujamii (10). Katika matumizi ya lugha mwanafunzi hufanya mazoezi kwa mafungu: wiki hii ngeli ya U-ZI, wiki ijayo U-YA. Vitabu vyetu vya kiada vimepangwa hivyo, na kwa mafunzo ya mara ya kwanza si vibaya. Ila kwa kudurusu, mpango huo humficha mwanafunzi uamuzi muhimu zaidi. Zingatia nomino hizi nne: mwavuli, ufagio, ugonjwa, unga. Katika umoja zote huchukua upatanisho mmoja, u-, mathalani mwavuli umepotea, ufagio umepotea. Tofauti hujitokeza katika wingi: miavuli imepotea, fagio zimepotea, magonjwa yametokea, unga umemwagika. Mwanafunzi aliyefanya maswali 20 ya U-ZI mfululizo hakuamua ngeli hata mara moja, maana kichwa cha zoezi kilimwamulia. Kwenye mtihani kichwa hicho hakipo. Anakutana na sentensi kama "Ufa huu umeuharibu ukuta wangu", anatakiwa kuiandika kwa wingi, na ni yeye atakayetambua kwamba jibu ni "Nyufa hizi zimeziharibu kuta zetu".

Suala hili lilichunguzwa katika hisabati na Doug Rohrer na Kelli Taylor, waliochapisha matokeo yao mwaka 2007. Wanafunzi walijifunza kukokotoa ujazo wa maumbo 4. Waliofanya mazoezi kwa mafungu walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi yenyewe. Wale ambao maswali yao yalichanganywa walipata 60 tu. Katika mtihani wa wiki moja baadaye, wa mafungu walishuka hadi 20, wa mchanganyiko wakapata 63. Sijasoma jaribio la aina hiyo lililofanywa kwa ngeli za Kiswahili, na hili ni pengo ambalo mwanafunzi wa uzamili katika chama chetu angeweza kulijaza. Lakini ukizingatia jinsi ngeli zinavyofanana katika umoja, sioni sababu ya matokeo kuwa tofauti sana. Mwalimu anaweza kuandika nomino 30 za ngeli zote kwenye vijikaratasi, akazichanganya kofiani, kila mwanafunzi akavuta moja na kuitungia sentensi katika umoja na wingi. Gharama yake ni karatasi moja na makasi.

Hali ni hiyo hiyo katika uchanganuzi wa sentensi. Kunakili kielelezo matawi kutoka ubaoni hakumfundishi mtu kuchora kielelezo matawi. Na katika isimujamii, orodha ya sifa za sajili haisaidii mpaka mwanafunzi azoee kupewa mazungumzo asiyoyajua, aitambue sajili, kisha aonyeshe kila sifa kwa maneno yaliyomo katika mazungumzo hayo.

Kuhusu Insha nitasema machache. Kuna desturi ya kuwapa wanafunzi tanguli zilizotungwa mapema, zenye jua lililochomoza na ndege waliotumbuiza, wazipachike popote. Mtahini anayesahihisha mamia ya insha huzijua kabla ya kufika nukta ya kwanza. Kinachofaa kushikwa kwa moyo ni muundo wa tungo za kiuamilifu zinazoweza kuja katika swali la lazima: barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, hotuba, ripoti, tahariri. Muundo huo unaweza kuandikwa tupu, bila ya maudhui, kwa dakika 3. Mwanafunzi akiuandika hivyo mara moja kila wiki hatahangaika nao tena.

Usiku mmoja au siku sita

Mwanafunzi mwenye saa 6 za kudurusu ushairi anaweza kuzitumia zote katika mkesha mmoja au kuzigawa saa moja moja kwa siku 6 zilizoachana. Jumla ni ile ile, mavuno si yale yale. Alan Baddeley na David Longman walilionyesha hili mwaka 1978 kwa watumishi wa posta nchini Uingereza waliokuwa wakijifunza kupiga chapa. Waliofunzwa saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache zaidi kufikia kiwango kilichotakiwa kuliko waliofunzwa saa 4 kwa siku, vipindi viwili vya saa mbilimbili. Cha kushangaza ni kwamba hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo zaidi na ratiba yao, kwa kuwa kwa hesabu ya siku waliona wanakokotwa.

Kutoridhika huko ndiko hukwamisha ratiba nzuri. Kurejelea mada baada ya siku 4 ni kuchungu, kwa sababu nusu imetoweka na mwanafunzi hujiona mjinga. Mkesha, kinyume chake, humpa faraja: asubuhi kila kitu kiko mdomoni. Mwalimu asipoeleza mapema kwamba ugumu huo ni sehemu ya kazi, mwanafunzi ataiacha ratiba katika wiki ya pili na kurudi kwenye mkesha.

Pendekezo langu kwa mwalimu wa kidato cha tatu na cha nne ni dogo. Dakika 5 za mwanzo wa kila kipindi ziwe za maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la muhula uliopita. Majibu yaandikwe vitabu vikiwa vimefungwa. Yasikusanywe wala yasipewe alama za kumbukumbu, wanafunzi wajisahihishe. Nimesikia pingamizi kwamba darasa la wanafunzi 60 haliruhusu majaribio ya kila siku kwa sababu ya mzigo wa kusahihisha. Pingamizi hilo lina nguvu iwapo jaribio ni la kupima. Hili ni la kufundisha, na kusahihisha ni kazi ya aliyeliandika.

Wapo pia wahadhiri wanaohofu kwamba kuzidisha maswali ni kuzidisha utumwa wa mitihani, ambao mfumo wa elimu ya umilisi ulikusudiwa kuupunguza. Hofu hiyo ni ya haki. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na waliojiunga na kidato cha kwanza mwaka 2024 ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Lakini hata tathmini ikibadilika, mwanafunzi atahitaji kukumbuka. Mradi wa kukusanya methali za jamii hauwezi kufanywa na asiyekumbuka methali hutofautianaje na msemo.

Karai la maji baridi

Aliyesoma shule ya bweni anaijua picha hii: mwanafunzi ametia miguu katika karai la maji baridi ili usingizi usimchukue, kitabu kiko magotini, saa ni nane za usiku. Tumezoea kuisimulia kama hadithi ya ushujaa. Mimi mwenyewe nilikuwa na karai.

Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach walichapisha jaribio lililofanywa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell. Walijifunza silabi zisizo na maana, mara nyingine kabla ya kulala, mara nyingine kabla ya shughuli za mchana. Baada ya muda ulio sawa walikumbuka zaidi walipokuwa wamelala kuliko walipokuwa macho. Tafiti nyingi za baadaye zimelithibitisha wazo kwamba usingizi husaidia kuyaimarisha yaliyosomwa. Basi mwenye karai huharibu mara mbili: huyapoteza ya jana kwa kutolala, na huyapoteza ya leo kwa kusinzia darasani saa nne asubuhi. Shule inayozima taa za mabweni mapema inamsaidia mtahiniwa kuliko ile inayojivunia kwamba wanafunzi wake huamka alfajiri kuliko wa jirani.

Nasi vyuoni je?

Ingekuwa unafiki kuyaelekeza haya yote kwa wanafunzi wa shule za upili peke yao. Katika vyuo vyetu muhula huanza kwa utulivu, nakala za mihadhara ya miaka iliyopita hupitishwa mkono kwa mkono, na wiki mbili kabla ya mtihani maktaba hufurika. Wengine hukimbilia mwakenya. Wanaisimujamii watavutiwa na historia ya neno hilo: Mwakenya lilikuwa vuguvugu la siri la kisiasa la miaka ya 1980, lililosambaza vijikaratasi kwa kificho, na wengi wakakamatwa mwaka 1986 kwa kushukiwa kuwa wafuasi wake; kisha jina likahamia kwenye vijikaratasi vya kuibia mtihani. Upanuzi huo wa maana ni mada nzuri ya tasnifu. Kama mbinu ya kudurusu, hata hivyo, mwakenya una kinaya chake: aliyekaa saa nzima akichagua hoja kuu za fonolojia na kuzibana katika kijikaratasi cha ukubwa wa kiganja amekaribia sana kuzijua. Angekiweka chini na kujaribu kukiandika upya bila ya kukitazama, asingekuwa na haja ya kukibeba.

Vikundi vya majadiliano ndiyo nafasi yetu bora, lakini navyo vina ugonjwa wao. Mara nyingi mmoja huzungumza na wanne wakaitikia kwa kichwa, wote wakaondoka wakidhani wameelewa. Dawa ni kumnyamazisha anayejua. Katika kikundi tulichokianzisha baada ya kurudi kutoka mazoezini, tulikubaliana kwamba anayefafanua nadharia, mathalani umuundo au uhalisia, ni yule aliyeielewa kidogo zaidi wiki iliyotangulia. Vikao viwili vya kwanza vilikuwa vya aibu tupu. Katika kile cha tatu kila mtu alifika akiwa amejitahini nyumbani, ili asiaibike.

Yule msichana wa kalamu ya manjano tulionana tena wiki ya mwisho ya muhula. Baada ya swali la yule mhadhiri nilikuwa nimerudi kwake, nikaufuta ushauri wangu wa kwanza. Alinionyesha upande wa nyuma wa daftari lake. Alikuwa ameandika maswali 40 ya riwaya, ya kwake mwenyewe, bila ya jibu hata moja, na kando ya kila swali alilolishindwa ameweka alama ya msalaba. Misalaba mingi ilikuwa imekatwa kwa tarehe. Iliyosalia ilikuwa 11. Aliniuliza kama angeweza kuongeza maswali ya tamthilia katika ukurasa ule ule au aanze mpya.